Safari ya Salim bin Abakari

Katika mwaka wa 1848 Krapf alipanda Usambara hadi Vuga kwa Kimweri, na milima aionayo mtu wa Kilole kila asubuhi ikaingia vitabuni kwa macho ya mgeni. Karne ile haikuisha ila macho yamegeuka. Salim bin Abakari, Mngazija, mtumishi wa Mjerumani Bumiller, alipita bara ya Urusi hadi milima ya Altai, jirani na nchi ya Wamongoli na nyumba zao za watawa wa Budha. Habari yake ilipigwa chapa mwaka wa 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu cha Carl Velten.

Wako wasemao kuwa hilo ni somo tu, lililotungiwa Wajerumani waliojifunza Kiswahili. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Safari ilikuwa ya bwana. Jina la habari ni “Safari yangu ya Bara Urusi na ya Siberia”. Kwa neno hilo moja, “yangu”, mtumishi amekuwa msimulizi, na bwana mmoja wa wasimuliwao. Basi habari hii isiachiwe wanahistoria peke yao. Ni mali ya fasihi ya Kiswahili.