Saa 6 za Gahinga: Uhakiki wa Tafsiri Yangu Mwenyewe

Katika kozi ya tafsiri tulitakiwa kuchagua matini moja iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, kisha tuihakiki. Wenzangu walichagua tamthilia, mikataba na maelezo ya dawa. Mimi nimechagua karatasi ya kurasa mbili inayoeleza njia za kupanda milima ya Hifadhi ya Mgahinga, wilayani Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda. Mtafsiri wa karatasi hiyo ni mimi, na kosa lililomo ndani yake lilikaribia kumdhuru mtu. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba tafsiri inaweza kuwa sahihi kisarufi kila mstari na bado ikampotosha msomaji, na kwamba sisi wanafunzi tunapaswa kupimwa kwa jambo hilo pia.

Nianze na mahali penyewe. Mgahinga ni hifadhi ndogo, yenye eneo la kilomita za mraba 33.7, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Ndani yake mna milima mitatu ya volkano iliyojipanga mpakani. Magharibi ni Sabyinyo, wenye zaidi ya mita 3,600, mahali ambapo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Mashariki ni Muhabura, wenye mita 4,127. Katikati yao ni Gahinga, mdogo kuliko wote, wenye mita 3,474. Wageni wengi wasio na mazoea ya kupanda huchagua Gahinga kwa sababu ya huo udogo wake. Hakuna anayeruhusiwa kupanda peke yake. Kila kundi huenda na mwongozaji na askari wa hifadhi, kwa kuwa msituni mna nyati na tembo.

Nilipokuwa likizo nyumbani baada ya mwaka wa kwanza, mwenye nyumba moja ya wageni aliniomba nimtafsirie maelezo ya njia hizo kutoka Kiingereza. Alikuwa ameanza kupokea vijana kutoka Tanzania na Kenya. Pia ilikuwa haijapita muda mrefu tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi, mwaka 2022, naye aliona ni vizuri nyumba yake iwe na karatasi ya Kiswahili. Mimi niliona fahari. Kwetu watu wazima wengi bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani. Nilitaka waione kama lugha ya kumkaribishia mgeni. Nilimaliza kazi kwa usiku mmoja.

Likizo iliyofuata niliitwa nyumbani hapo jioni. Alikuwapo dada mmoja, mwanafunzi kutoka Tanzania, amejifunika blanketi, kikombe cha chai mkononi. Alikuwa amepanda Gahinga siku hiyo. Aliniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyeandika hii?" Kisha akaniwekea kidole kwenye mistari miwili inayofuatana:

Kuanza: saa 2 asubuhi.
Kwenda na kurudi: saa 6.

"Hapa umeniambia nitarudi saa sita," alisema. "Mimi nimerudi saa kumi."

Dada huyo ana kisukari na anachoma sindano ya dawa. Asubuhi alichoma dawa yake, akala kidogo, akapanga kula chakula cha mchana akisharudi saa sita na nusu. Mkoba wa chakula aliuacha chumbani ili apande mwepesi. Saa sita mchana alikuwa bado kwenye mianzi akipanda. Walipofika juu alianza kutetemeka, akatoka jasho la baridi, na maneno yakamchanganyika. Mwongozaji, mzee aliyezoea wageni, alimpa ndizi mbivu na soda aliyokuwa nayo, akamketisha mpaka akapata nafuu, ndipo wakashuka polepole. Hilo ndilo lililotokea. Tuliagana vizuri, na karatasi akaniachia. Ndiyo niliyonayo mezani ninapoandika.

Tuiangalie sasa kama wahakiki. Kiingereza kilisema safari nzima inachukua muda wa saa sita. Katika rasimu yangu ya kwanza, ambayo bado ninayo, niliandika "masaa 6". Baadaye nilikata silabi ile "ma". Kwa nini? Kwa sababu katika insha yangu ya kwanza chuoni neno "masaa" lilizungushiwa wino mwekundu, na pembeni pakaandikwa kwamba "saa" ni nomino ya ngeli ya I-ZI, haibadiliki katika wingi. Sheria hiyo naifahamu na siipingi. Lakini tazama kazi ambayo neno lile lililokatwa linafanya mdomoni mwa watu. Mtu wa sokoni akisema "nitakuja saa sita", anataja wakati. Akisema "nimekungoja masaa sita", anataja muda. Umoja na wingi si suala kubwa hapo. Wasemaji wamejipatia njia ya kutenganisha saa ya ukutani na saa ya kuvumilia. Mimi niliiondoa tofauti hiyo ili nisipoteze alama, nisiweke kitu kingine badala yake.

Najua jibu la walimu wangu, kwa sababu nimelisikia: sarufi sanifu haijakosa njia, ningeandika "muda wa saa 6" na mambo yangeisha. Ni kweli, na ndivyo nilivyoandika katika toleo jipya. Hata hivyo jibu hilo halimalizi suala. Wino mwekundu uliniambia umbo gani si sanifu. Haukuniambia kwamba umbo sanifu, likisimama peke yake karibu na tarakimu, lina maana mbili. Nilifundishwa nusu ya somo, nami nikaridhika na nusu hiyo. Kama tutaendelea kulikata "masaa" katika kazi za wanafunzi, basi pembeni tuandike pia sababu ya watu kulitumia, na nini kiwekwe mahali pake.

Wala tusimlaumu msomaji. Wapo waliosema dada yule angejua tu kwamba mlima haupandwi na kushukwa kwa saa nne. Angejuaje? Hajawahi kufika Kisoro. Mstari wa juu ulikuwa umetaja saa ya ukutani, na wa chini ukafuata umbo lile lile. Mtu yeyote anayehesabu saa kuanzia alfajiri angesoma hivyo, na si Waswahili tu. Hata kwa Kiganda saa sita ni adhuhuri. Muhabura na Sabyinyo niliziandikia "saa 8", nazo zingesomeka kama saa nane mchana. Mpangilio wa karatasi ulikuwa sehemu ya kosa, na mpangilio huo niliuchagua mimi ili ionekane nadhifu.

Kosa la pili ni "ngazi". Kuhusu Sabyinyo niliandika: "Sehemu za juu zina ngazi." Kwa Kiswahili ngazi ni ile ya ghorofani unayopanda mikono mfukoni, na pia ni ile ya miti unayoegemeza ukutani ukapanda kwa mikono na miguu. Ngazi za Sabyinyo ni za namna ya pili, zimefungwa kwenye miinuko mikali, na mvua ikinyesha zinateleza. Sentensi yangu inasomeka kama habari njema: palipokuwa pagumu pamerahisishwa. Ilipaswa kuwa onyo. Maneno matatu tu, "ngazi za miti", yangemfanya mtu anayeogopa kimo ajiulize kabla ya kulipa.

Kosa la tatu linahusu uoto, nalo ndilo linaloniuma kama mzaliwa wa pale. Katika maelezo ya Gahinga neno "vichaka" nimelitumia mara nne. Mara ya kwanza lina maana ya mianzi, ambako njia ni kama handaki la kijani, unainama na huoni mbele. Mara ya pili ni miti mifupi iliyofunikwa na kuvu na ndevu za ukungu. Mara ya tatu ni mimea ya juu, ile yenye majani yaliyojikusanya kama kabichi kubwa juu ya shina. Mara ya nne ni nyasi za mafungumafungu katika kinamasi cha kasoko, ambapo mguu ukikosea fungu unazama kwenye tope. Kila sehemu kati ya hizo nne inataka mwili utumike kwa namna yake, na viatu vyake. Kwenye kinamasi heri gambuti. Nilikuwa naijua tofauti hiyo tangu utotoni kwa Kirufumbira. Nilipofika kwenye Kiswahili niliona haya kuandika "mimea kama kabichi", nikadhani si lugha ya kitabu, nikaandika "vichaka" na kuendelea.

Vivyo hivyo "kilele". Niliahidi kwamba "kileleni utaona mandhari ya milima yote". Kilele katika masikio yetu ni ncha. Gahinga hauna ncha. Juu yake ni bakuli. Unafika kwenye ukingo wa kasoko, mimea imekuzunguka, na ukungu ukiwa umetanda huoni hata Muhabura ulio jirani. Dada yule alimwuliza mwongozaji mara mbili kama kweli wamefika. Maneno "ukingo wa kasoko" yapo katika Kiswahili na yanatosha. Sikuyatafuta.

Mwalimu wetu alitufundisha nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Hans Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970, inayosema kwamba tafsiri ipimwe kwa lengo lake. Katika mtihani niliieleza vizuri. Lakini lengo la karatasi ya njia ni lipi? Nilipotafsiri nilidhani ni kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza. Lengo la msomaji lilikuwa kujua abebe nini na arudi lini. Malengo hayo mawili hayakukutana, na kwa kipimo cha Skopos tafsiri yangu imeanguka, ingawa haina kosa hata moja la upatanisho wa kisarufi.

Kwa ajili ya insha hii nilikwenda kwa yule mzee mwongozaji nikamwomba anieleze njia ya Gahinga kwa Kiswahili, kana kwamba mimi ni mgeni. Kiswahili chake ni cha mpakani. Ngeli anazichanganya, na ukimwamkia "shikamoo" anaitikia "nzuri". Aliniambia: "Beba chakula ya mchana, utakula juu. Mianzi ni mrefu, usichoke hapo, bado. Ukiona kabichi, umekaribia. Juu ni maji na matope, si mawe." Kwa maneno machache hivyo alikuwa ameshataja muda, chakula, uoto kwa mfuatano wake na hali ya juu. Ningepewa maelezo hayo nisahihishe, ningeanza na "chakula ya". Baada ya kusikia tetemeko la yule dada, naona ningeanza na kumwuliza mzee habari zaidi, kisha sarufi ningeiweka sawa mwishoni.

Sisemi sarufi itupwe. Karatasi inasomwa na mtu ambaye mwongozaji hayupo mbele yake usiku anapofunga mkoba, na usanifu ndio unaomwezesha mtu wa Tanga na wa Kisoro wasome kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba usanifu uanze baada ya kumjua msomaji na hatari iliyo mbele yake.

Toleo jipya sasa linasomeka hivi kuhusu Gahinga: "Mtaanza kupanda saa 2 asubuhi. Kupanda na kushuka huchukua muda wa saa 6 au zaidi, kwa hiyo mtarudi saa 8 mchana au jioni. Chakula cha mchana, maji na dawa zako vibebe. Hutarudi kula nyumbani. Njia hupita kwanza kwenye mianzi, kisha miti mifupi, kisha mimea mirefu yenye majani kama kabichi. Juu ni ukingo wa kasoko wenye kinamasi, vaa gambuti. Ukungu ukiwapo hutaona milima mingine."

Nimempelekea mwenye nyumba ya wageni nakala hii, na nakala nyingine kwa yule dada. Alijibu kwamba imeeleweka, ila niongeze idadi ya chupa za maji. Nimeongeza: tatu.