Betri Huisha Chipu Ikiwa Imelala

Chukua kihisi cha joto kinachoamka kila baada ya dakika 10, kikapima na kukokotoa kwa milisekunde 10, kisha kikalala tena. Kwa mwaka mzima kitakuwa kimefanya kazi chini ya dakika 9. Muda wote uliobaki kimelala, na huko ndiko betri inakoishia, kwa kuwa transista iliyozimwa haizimiki kabisa: umeme huendelea kuvuja.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walianzia hapo walipobuni prosesa ya Phoenix, waliyoitangaza mwaka 2008. Wakati huo Intel ilikuwa tayari inauza chipu za nanomita 45. Wao wakarudi nyuma hadi nanomita 180, teknolojia ya zamani ambayo transista zake huvuja kidogo. Kwangu mimi, huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Chipu ya kisasa ingemaliza kazi mapema zaidi, lakini kasi hiyo ingelipiwa usiku na mchana kwa umeme unaovuja bure.

Kisha wakashusha volti. Transista za aina ile huendeshwa kwa volti 1.8, wao wakatumia 0.5. Nishati ya kila hatua hufuata mraba wa volti, hivyo ikabaki takriban sehemu moja ya 13. Kasi nayo ikaanguka hadi kilohezi 106, inayomtosha mpima joto. Ukizidi kushusha, hesabu huchukua muda mrefu mno, na uvujaji unakula ulichookoa.

Kazi ngumu ilikuwa kumbukumbu. Prosesa inaweza kukatiwa umeme ikilala, lakini vipimo vilivyohifadhiwa vikikatiwa vimepotea. Basi wakabuni upya seli za kumbukumbu ili zivuje kidogo, wakabana data zichukue nafasi ndogo, na sehemu zisizo na kitu wakazizima. Usingizini Phoenix ikatumia pikowati 30 hivi. Betri ya CR2032 iliyokaa tu dukani hujipunguza yenyewe kwa maelfu ya mara zaidi ya hapo.

Redio haimo katika hesabu hiyo. Redio ya Bluetooth inapotuma hutaka miliampia kadhaa, na hakuna ufundi wa usingizi unaoifuta gharama hiyo. Ndiyo maana naona umeme uliookolewa utumike kukokotoa ndani ya kifaa chenyewe, ili redio iwashwe pale tu penye jambo la kutuma. Scott Hanson, mmoja wa wabunifu wa Phoenix, alishiriki kuanzisha kampuni ya Ambiq mwaka 2010 kuupeleka ufundi huu wa volti ndogo sokoni.