Kilwa Haihitaji Cheti cha Mgeni

Ukitakiwa kuwasilisha mada kuhusu Kilwa Kisiwani, kila mtu atakuelekeza kwa Ibn Battuta. Alifika mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake, nasi tukaigeuza sifa hiyo kuwa cheti. Nilipoandaa wasilisho la dakika 15 kwa semina yetu ya uzamili hapa Nyegezi, niliamua kumsoma kama shahidi, si kama hakimu.

Ushahidi wake una mapengo. Simulizi yake iliandikwa na Ibn Juzayy huko Morocco zaidi ya miaka 20 baadaye. Anataja nyumba za mbao, ilhali Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe ulikuwa umeshasimama. Wino mwingi anaumwaga kwenye ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyempa fakiri nguo alizovaa. Wachonga matumbawe na wachoma chokaa hawamo.

Kwa hiyo slaidi yangu ya kwanza ilikuwa kuta za Husuni Kubwa. Ibn Battuta alikuja ya tano. Swali la kwanza halikumhusu sultani: chokaa ilipatikanaje? Nikaeleza kwamba matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa. Hapo ndipo mjadala ulipochangamka: kuni zilitoka wapi, nani alizibeba, alilipwa au alilazimishwa? Maswali hayo Ibn Battuta hayajibu, na mwanafunzi anayeanza na sifa zake hafiki kuyauliza.