Jiko la Lorena na Kosa la Kuupasha Ukuta Moto

Jiko la Lorena, lililobuniwa Guatemala baada ya tetemeko la ardhi la Februari 1976, liliharibiwa na uamuzi mmoja usio na utetezi: moto ulizungushiwa bonge la udongo na mchanga lenye uzito wa mamia ya kilo, kwa imani kwamba udongo mnene huzuia joto lisipotee. Jiko hilo lilisifiwa kuwa mkombozi wa misitu, lakini lilipopimwa kwa kuchemsha maji, mara nyingi halikuyashinda mafiga matatu yaliyo wazi, na pengine lilitumia kuni nyingi zaidi. Dohani yake iliyotoa moshi nje ya nyumba ilikuwa kazi nzuri.

Wafuatiliaji wa majiko wanazijua njia tatu za joto: mpitisho, ambapo joto hupokezanwa na chembe za kitu kigumu, msafara, ambapo hubebwa na hewa au kimiminiko kinachotembea, na mnururisho, ambapo hutoka kwenye makaa na miali na kusafiri kama mwanga. Katika Lorena njia zote tatu ziliishia ukutani kabla ya kuifikia sufuria, kwa sababu wabunifu walichanganya sifa mbili zisizofanana, yaani kuzuia joto na kulimeza. Kizuizi kizuri huwa chepesi na chenye vishimo vingi vya hewa iliyotulia, kama lilivyo jivu, kwa kuwa hewa isiyotembea hupitisha joto kidogo sana. Udongo ulioshindiliwa hauna vishimo hivyo vya kutosha, na kila kilo yake hudai takriban kilojuli 0.84 ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Kwa hesabu hiyo, kilo 100 za ukuta zikipanda nyuzi 50 humeza kilojuli 4,200, joto ambalo lingetosha kuchemsha lita 13 hivi za maji yaliyoanza na nyuzi 25, na Lorena lilikuwa na kilo nyingi kuliko hizo.

Kilichowapotosha watu ni kiganja. Mpishi aliyegusa ubavu wa jiko nusu saa baada ya kuwasha kuni aliukuta ungali baridi, akaambiwa kwamba hakuna joto linalopotea, ilhali joto lilikuwa limekwisha kuingia ukutani likisafiri polepole kuelekea nje; jioni, chakula kikiwa kimeliwa na moto umezimika, ubavu uleule ulikuwa vuguvugu, na hilo nalo likahesabiwa kuwa sifa. Kwa familia ya nyanda za juu zenye baridi, ukuta wa vuguvugu ni faraja ya kweli, na kwa tanuri la mkate, linalopashwa kwanza na kuoka baadaye, uzito ndio unaotakiwa, lakini Lorena lilinadiwa kama jiko la kupunguza kuni. Safu hii haijachoka kulalamika kwamba majiko hupitishwa kwa kupapaswa na kupigwa picha, huku mizani ya kupimia kuni ikiachwa kabatini.

Elimu iliyohitajika ilikuwepo tangu zamani. Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, alitunukiwa Medali ya Copley mwaka 1792 kwa uchunguzi wake wa joto, akiwa amekwisha kueleza kwamba manyoya na sufu hutunza joto kwa sababu hewa iliyonaswa ndani yake haipati nafasi ya kutembea. Rumford hakuwa na kipimajoto cha elektroniki, ila alikuwa na tabia ya kupima kabla ya kuhubiri.

Aprovecho, shirika lililolieneza Lorena, lilijirekebisha pale Larry Winiarski alipoanza, mapema miaka ya 1980, kuunda jiko lenye chumba kidogo cha moto kilichozungushiwa vitu vyepesi. Wakati huohuo Kenya ilipata jiko la mkaa lenye udongo mwembamba ndani na bati nje, ambalo hubebwa kwa mkono mmoja na lingali likiuzwa masokoni. Mbunifu wa leo anayeanza jiko la kupikia chakula cha kila siku kwa toroli la udongo badala ya debe la jivu anarudia kosa ambalo vipimo vimekwisha kulihukumu.