Makarara ya Februari

Mwezi wa Januari mtende wa Muaither hauonyeshi lolote. Makuti ni yale yale ya kijivu, yamelemewa na vumbi la ujenzi, na mpita njia atadhani mti umekwisha kukata tamaa. Mtunza bustani wa nyumba ya jirani, mzee wa Kibangladeshi ambaye mtaa mzima unamwita Chacha, hana habari na makuti. Anachungulia pale yanapoanzia, katikati ya vilifu vya kahawia, kama kuna ncha ya kijani iliyoanza kujitokeza. Sisi wa Pwani hatuhitaji kuelezwa ncha ile ni nini. Ni karara.

Muaither iko magharibi mwa Doha, katika manispaa ya Al Rayyan. Ni mtaa wa kuta za rangi ya mchanga na mageti ya chuma, na majumba mengine yamegawanywa vyumba vikapangishwa kwa watu kama sisi: walinzi, madereva, mafundi. Kinachopita juu ya ukuta ni matangi ya maji na vichwa vya mitende. Mvua za kuhesabia miaka, kama masika na vuli za kwetu, huku hakuna. Nchi nzima hupata chini ya milimita 80 kwa mwaka. Anayetaka kujua majira yamefika wapi, amtazame Chacha anabeba nini mkononi.

Januari anabeba msumeno uliopinda, wa kukatia miiba. Kila kuti la mtende lina miiba shinani, mirefu na migumu ya kutoboa kandambili, na anaiondoa mapema kwa sababu karara likishapasuka hatakuwa na nafasi. Mnazi unajimudu wenyewe, maua dume na maua jike yako katika karara moja. Mtende umetenganishwa. Upo mti dume na upo mti jike, na ukiuachia upepo peke yake kazi ya kuwakutanisha, utavuna kidogo sana. Watu walilijua hilo zamani mno. Sheria za Hammurabi, za miaka kama 3,700 iliyopita, zina kifungu cha mtu aliyekabidhiwa shamba la mitende ili alichavushe: theluthi mbili za mavuno zinakwenda kwa mwenye shamba, theluthi moja inabaki kwake, akizembea, analipa kwa kipimo cha shamba la jirani. Chacha nilipomsimulia habari ya theluthi alicheka hadi akashikilia ngazi. Kima cha chini cha mshahara Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, ukiacha chakula na malazi. Makole ya tende hayamo.

Dume hutangulia kufungua. Chacha hulikata karara lake linapoanza tu kuchanika, kabla nyuki hawajafika, akalipasua kwa kidole gumba. Ndani mna vijiti vyeupe vilivyobanana, vyenye harufu nzito, na ukivigusa unga mwepesi wa manjano unabaki kwenye vidole. Huvitandaza kivulini juu ya gazeti. Juani havikai, kwani joto linaiua chavua. Vikikauka anavifunga kwa karatasi, maana mfuko wa plastiki unafungia unyevu na ukungu unafuata. Dume moja linatosha majike mengi, kwa hiyo nyumba zenye madume zinajulikana, na watunza bustani huazimana vijiti hivyo juu ya ukuta bila kuwasumbua matajiri.

Halafu jike. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mti mmoja haufungui makarara yote kwa pamoja, leo moja, wiki ijayo mawili, na kila linalopasuka lina siku chache tu za kupokea. Chacha anapanda mti ule ule tena na tena, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati hewa imepata joto. Anachukua vijiti vichache vya dume, anavigeuza kichwa chini, anavipenyeza katikati ya vijiti vya jike, kisha anavifunga kwa kipande cha ukuti. Fundo lake ni legelege kwa makusudi, maana vijiti vya jike vitarefuka na kunenepa, navyo vitalifungua vyenyewe bila mtu kupanda kulikata. Nilipomhimiza amalize tukaandae futari, maana miaka hii ya karibuni kazi hii imegongana na Ramadhani, alijibu kwa Kiarabu cha mtaani, “Shwei shwei, sadiki,” polepole, rafiki, na hakuongeza mkono.

Mvua ikinyesha saa chache baadaye, kazi inarudiwa. Siku hiyo Doha nzima inashangilia, watoto wanakanyaga madimbwi, na Chacha ananung'unika Kibangla.

Wengi wetu tumewahi kusikia kwenye darasa la msikitini habari iliyomo katika Sahihi Muslim, ya Mtume (SAW) kuwapita watu wa Madina wakichavusha mitende. Alidhani haina faida, nao wakaiacha. Mavuno yalipopungua na habari ikamfikia, aliwaachia wenyewe shughuli za dunia yao, kwani wao ndio wazijuao. Nimesikia masheikh wakiitafuta maana yake mbali sana. Mimi naona inamhusu Chacha moja kwa moja: anaomba dua akiwa juu ya ngazi, na ngazi haiiti utovu wa imani.

Mwaka 2022 Qatar iliungana na nchi nyingine za Kiarabu ambazo ujuzi wao wa mtende umeorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu. Vizuri. Ngazi ya Chacha bado ina kidato kilichofungwa kwa waya.

Baada ya fundo la mwisho hakuna la kufanya kwa wiki kadhaa, na hakuna dalili. Kila ua jike lina vitumba vitatu. Chavua ikiwa imeshika, kimoja kinakua na viwili vinadondoka. Isiposhika, vyote vitatu vinang'ang'ania, vinabaki vidogo, havina kokwa, na havitakuwa tende kamwe. Aprili, wakati sisi wengine tumeanza kulilalamikia joto, Chacha alipanda, akachuma kimoja, akakipasua kwa ukucha na kunionyesha kokwa changa, laini bado. Akashuka kwenda kubishana na mwenye nyumba. Chacha anataka kukata theluthi ya makole ili yatakayobaki yanenepe kabla ya Julai. Bwana mkubwa hataki hata moja liguswe. Mpaka naandika haya hawajaafikiana, na msumeno umeegemezwa shinani.