Hongera kwa Duka la Kanda

Mtaa wa Biashara, Mombasa, unajulikana kwa leso, hasa za Kaderdina Hajee Essak, zenye chapa ya K.H.E. Mali ya Abdulla, duka lililoanza 1887. Lakini anayenunua leso za harusi ndiye huyohuyo anayetaka taarabu, na huko Mji wa Kale palikuwa na duka la Mbwana Radio Service, lililorekodi na kuuza nyimbo hizo kwenye kanda. Hongera zangu ni za duka hilo la kanda. Makundi ya waimbaji aghalabu hayadumu: vijana wengi walioimba mtindo wa doo-wop Marekani miaka ya 1950 walitoa sahani moja au mbili wakatawanyika; kwetu, Lucky Star ya Tanga ilichipuka kutoka Black Star, nayo ikazimika. Kilichobaki ni utepe mwembamba wa kahawia ndani ya kanda.

Atasema mtu kwamba kanda zilikwaruza, na kwamba zilipodurufiwa ovyo mwimbaji hakuambulia kitu. Hilo la pili ni kweli, na linauma. Ila bila hazina ya Mbwana, albamu ya taarabu ya Zanzibara 10 ya kampuni ya Buda Musique, Ufaransa, ingekusanya nini? Mwenye kanda kuukuu kabatini asizitupe, azinakili mapema.