Dinamo ya Baisikeli Ilivyozaa Lenzi Laini

Mwishoni mwa 1961, mkemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia alikuwa na plastiki bora, ila kuifanya lenzi ya kuvaa jichoni kulimshinda. Plastiki hiyo, poli-HEMA, aliyoivumbua pamoja na Drahoslav Lím, hunywa maji ikalainika. Tatizo lilikuwa kalibu: ilipogandishwa katika kalibu zilizofungwa, kingo zilichanika wakati wa kuitoa.

Krismasi hiyo, nyumbani kwake Prague, akaunda mashine kwa Merkur, vyuma vya kuchezea watoto, akaiendesha kwa dinamo ya baisikeli. Safari hii kalibu iliachwa wazi. Umajimaji ulizungushwa ndani yake, ukasukumwa kuelekea kingoni, ukagandia humo humo. Sura ya nje ya lenzi ikatokana na kalibu, ya ndani ikatokana na kasi. Lenzi nne zikapatikana. Dinamo ilipozidiwa na kazi, ikaja mota ya gramafoni. Mwaka 1971 lenzi laini za mbinu hiyo kutoka kampuni ya Bausch & Lomb ziliidhinishwa Marekani.

Ulaini huo ndio unaouza lenzi mpaka leo, na ndio unaowapotosha wanunuzi, maana lenzi kuwa laini hakutoshi. Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Mtu akiwa macho, konea huvuta oksijeni kutoka hewani kupitia machozi. Hidrojeli, yaani plastiki inayonywa maji kama hiyo ya Wichterle, hupitisha oksijeni kwa njia ya maji iliyoyabeba, na poli-HEMA hubeba takriban asilimia 38 tu. Ukiongeza maji, oksijeni huongezeka, lakini kwa wengi lenzi hizo hukauka jichoni, hasa chini ya kiyoyozi. Fundo hilo lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na silikoni hidrojeli, kwa kuwa silikoni yenyewe hupitisha oksijeni. Anayevaa lenzi tangu asubuhi hadi usiku aulizie hiyo kwanza. Kulala nazo ni habari nyingine: hata zilizoidhinishwa kwa usiku huongeza hatari ya maambukizi.

Kisha kuna umbo. Lenzi laini hulala juu ya konea na kuifuata ilivyo. Astigimatizimu ya kawaida, yaani jicho lisilopinda sawasawa pande zote, hurekebishwa kwa lenzi ya toriki, iliyotengenezwa isizunguke jichoni. Keratokonasi, yaani konea iliyokonda na kuchongoka, ni kesi tofauti: lenzi laini ya kawaida huchukua kasoro ile ile. Hapo lenzi ngumu inayopitisha oksijeni, inayochukiwa mno siku za mwanzo, haina mpinzani wa karibu. Haibadili umbo lake. Machozi hujaza mwanya uliopo chini, na mwanga hupita kwenye uso uliosawazishwa.

Bei nayo ina mtego. Lenzi ya mwezi huonekana nafuu mpaka chupa ya dawa ya kusafishia iingizwe kwenye hesabu. Asiye na hakika ya kuinunua kila inapokwisha ni afadhali achukue za siku moja, azitupe jioni, kuliko kugeukia bomba: maji yake huweza kuwa na Acanthamoeba, kiumbe cha seli moja kinachoishambulia konea na kinachoweza kumpofusha mtu.